Mkuki, Kodi na Karani: Kigiriki Kilivyoenea Baada ya Alexander

Kuhusu kuenea kwa utamaduni wa Kigiriki kwa njia ya vita, mabishano huwa ya kambi mbili. Kambi ya kwanza inasema Alexander wa Makedonia, alipovukia Asia mwaka 334 KK na jeshi la watu kama 40,000, aliwafungulia watu wa mashariki mlango wa falsafa, hesabu, tamthilia na uchongaji. Kambi ya pili inasema huo ulikuwa ukoloni kama ukoloni mwingine wowote: watu walinyang'anywa ardhi, wakatozwa kodi, kisha wakaambiwa wao ni washenzi. Kila upande una ushahidi wake, tena ushahidi mzito. Tatizo ni kwamba pande zote mbili humkodolea macho Alexander, ambaye alifia Babeli mwaka 323 KK kabla hajasimamisha utawala wa kudumu, na kuzisahau ofisi zilizofunguliwa baada yake. Kwa maoni yangu, mkuki ulileta walowezi, lakini aliyekieneza Kigiriki ni karani wa kodi.

Vita peke yake vilizaa nini? Tazama Baktria, eneo ambalo sehemu yake kubwa leo ni kaskazini ya Afghanistan. Alexander aliwaacha huko maelfu ya askari wa Kigiriki kuwa walowezi, na wengi hawakutaka. Habari za kifo chake zilipofika, waliacha vituo vyao wakafunga safari ya kurudi kwao, zaidi ya askari 20,000 wa miguu na 3,000 wa farasi kwa hesabu ya mwanahistoria Diodorus. Jeshi la Makedonia liliwazuia njiani, na walipokwisha kuweka silaha chini, wakauawa kwa wingi. Kwa hiyo hata hao waliodhaniwa kuwa wajumbe wa utamaduni mpya walibakizwa ugenini kwa nguvu.

Mahali pa kuutazama mfumo ulivyofanya kazi ni Misri, kwa sababu jangwa limetutunzia maandishi ya mafunjo: mikataba, risiti, barua za malalamiko, orodha za walipa kodi. Ptolemy, jenerali wa Alexander, aliichukua nchi hiyo mwaka 323 KK, na ukoo wake ukaitawala hadi kifo cha Cleopatra wa Saba mwaka 30 KK, karibu miaka 300. Hawakuwalazimisha Wamisri kuiacha miungu yao. Walijenga mahekalu ya kienyeji, wakachorwa ukutani wamevaa taji za Farao. Walichokibadilisha ni masharti ya kupata riziki.

Hatua ya kwanza ilikuwa ardhi. Katika bonde la Fayum maji ya ziwa yalipunguzwa ili kupata mashamba mapya, na askari wakagawiwa viwanja kama ujira wa utumishi. Askari wa farasi wa daraja la juu aliandikiwa arura 100, yaani karibu hekta 27. Walowezi hawa walitaka mkate wa ngano ngumu, ambayo punje yake hutoka kwenye ganda kwa kupura tu, na ngano ya zamani ya Wamisri, yenye ganda linalong'ang'ania, ikasukumwa pembeni. Mizabibu ikaongezwa. Makazi yao yalileta ugomvi zaidi, maana serikali iliwapangia wageni vyumba ndani ya nyumba za wenyeji. Ripoti moja ya karne ya 3 KK kutoka Krokodilopolis, mji wa Fayum, inaeleza jinsi wenye nyumba walivyoezua mapaa, wakaziba milango na kuijengea madhabahu ili askari wasiingizwe. Walijua afisa Mgiriki angesita kuvunja madhabahu.

Hatua ya pili ilikuwa kodi, na hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mwaka 263 KK hivi Ptolemy wa Pili alianzisha kodi ya chumvi ya kila kichwa: mwanzoni drakma moja na nusu kwa mwanamume na drakma moja kwa mwanamke kwa mwaka. Baadaye walimu wa kusoma na kuandika, wakufunzi wa michezo na wasanii wa mungu Dionysus walisamehewa. Kodi nyingine ndogo, ya oboli moja (sehemu ya sita ya drakma), haikutozwa wale walioandikishwa kama Wagiriki. Fedha yenyewe ilikuwa kidogo. Uzito ulikuwa katika daftari, kwa sababu "Mgiriki" hapo lilikuwa kundi la walipa kodi kuliko kabila. Wayahudi waliweza kuandikwa humo, na hata Wamisri waliofanya kazi serikalini. Mtu akimsomesha mwanawe Kigiriki, alikuwa anamsogeza upande wa daftari wenye nafuu.

Kambi ya kwanza ingesema: huo ni uamuzi wa hiari, mbona hakuna aliyeshikiwa bakora? Jibu limo katika barua moja ya mwaka 256 KK hivi, iliyotoka katika jalada la Zenon, msimamizi wa shamba la arura 10,000 la waziri wa fedha Apollonios. Mwandishi wake, ambaye jina limepotea, alikuwa mtu wa ngamia aliyepelekwa kazini Syria. Analalamika kwamba alinyimwa mshahara wake, na alipohamishiwa kwa bosi mwingine huko Philadelphia, kijiji cha Fayum, hali ikawa ileile: miezi tisa bila mafuta wala nafaka, na kama posho anapewa mvinyo uliochacha. Wanamdharau, anasema, kwa kuwa ni mgeni asiyejua kuishi Kigiriki. Na barua hiyo imeandikwa kwa Kigiriki. Ili ashtaki kwamba ananyanyaswa kwa kutokuwa Mgiriki, ilibidi apate mtu wa kumwandikia kwa lugha ya wanaomnyanyasa. Huwezi kuita hiari chaguo ambalo upande wake mmoja ni kufa njaa.

Hata hivyo kambi ya pili nayo hukosea inapowachora wenyeji kama watu waliotendwa tu. Makarani wa Kimisri walijifunza Kigiriki haraka, na hapo mwanzo wengine walikiandika kwa kijiti chao cha jadi, kilichofanya kazi kama brashi, badala ya kalamu ngumu ya tete ya Wagiriki. Mistari minene na myembamba kadiri wino unavyobadilika ndiyo inayowatambulisha leo. Menches, karani wa kijiji cha Kerkeosiris mwishoni mwa karne ya 2 KK, alikuwa na jina la pili la Kigiriki, Asklepiades, na akiwa na majina hayo mawili alipima mashamba na kupanga kodi ya kijiji kizima. Nyaraka zake zilisalimika kwa sababu zilikuja kutumika kufungia maiti za mamba watakatifu.

Sheria nayo iliacha mlango wazi. Kulikuwa na mahakama za Wagiriki na za Wamisri, na amri ya mwaka 118 KK ikaweka wazi kwamba kesi baina ya watu wa pande mbili ifuate lugha ya mkataba. Wenye akili walichagua. Kwa sheria ya Kigiriki mwanamke alihitaji mlezi wa kiume ili afunge mkataba. Kwa sheria ya Kimisri hakuhitaji. Apollonia wa Pathyris, mke wa afisa wa farasi Dryton, alijulikana pia kwa jina la Kimisri, Senmonthis, na mikopo aliyotoa aliiandikisha mingine kwa Kigiriki, mingine kwa mwandiko wa Kimisri wa kidemotiki. Hapa utamaduni wa mtawaliwa ndio uliompa mtu haki zaidi, jambo ambalo wasifiaji wa Ugiriki hulipita haraka mno.

Mfumo huu ulikuwa na ufa. Mwaka 217 KK, kwa vita vya Raphia dhidi ya mfalme wa Syria, Ptolemy wa Nne aliwapa silaha Wamisri 20,000 na kuwafundisha kupigana safu kwa safu kwa mikuki mirefu ya Kimakedonia. Walishinda. Mwanahistoria Mgiriki Polybius anasema ushindi huo uliwapa kiburi cha kutafuta kiongozi wao wenyewe, na kweli, kuanzia mwaka 206 hadi 186 KK kusini mwa Misri palikuwa na mafarao wenyeji walioasi. Waliasi baada ya kufundishwa mbinu za mtawala, na walipigania daraja ambalo mafunzo hayo hayakuwapa.

Yerusalemu inaonyesha mkanganyiko huo kwa namna nyingine. Mwaka 175 KK hivi, aliyeomba gimnasio, yaani uwanja wa mazoezi na malezi ya vijana wa Kigiriki, hakuwa mfalme wa Syria bali Jason, kuhani mkuu wa Kiyahudi, na aliahidi talanta 150 apate ruhusa. Mambo yaliharibika mfalme huyo wa Syria, Antiochus wa Nne, alipoingilia ibada ya hekalu mwaka 167 KK. Wamakabayo, ukoo wa Kiyahudi, wakaasi, wakashinda, na wafalme wa ukoo wao baadaye wakaitwa Aristobulus na Alexander, wakipiga sarafu zenye maandishi ya Kiebrania na Kigiriki. Walichokikataa kwa damu ni kulazimishwa katika dini. Vingine walivitumia bila aibu.

Kuna pia ushahidi unaoisumbua hoja yangu mwenyewe. Aksum, ufalme wa kale wa Ethiopia na Eritrea ya leo, haikutekwa na Wagiriki kamwe. Ptolemy wa Pili na wa Tatu waliweka vituo vya kuwinda tembo wa vita kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, na jiwe la Ptolemy wa Tatu lilionekana Adulis, bandari ya pwani hiyo, lakini utawala wao haukupanda milima. Hata hivyo mwongozo wa mabaharia wa karne ya 1 BK, uleule unaoitaja bandari ya Rhapta katika pwani yetu ya Afrika Mashariki, unasema mtawala wa eneo la Adulis, Zoskales, alijua kusoma Kigiriki. Sarafu za Aksum zilibeba Kigiriki tangu karne ya 3 BK, na mfalme wake Ezana alikiandika kwenye jiwe lake karne ya 4 BK. Huko kilifika kwa biashara, na hakuna karani wa kodi aliyekipeleka. Naikubali hoja hiyo, lakini kwa mpaka: Kigiriki kilikuwa na thamani sokoni Adulis kwa sababu Alexandria, lango la soko hilo, ilikuwa imekifanya lugha ya bandari na ushuru kwa karne tatu.

Na wakulima? Wengi wao waliendelea kusema Kimisri. Baadaye walikiandika kwa herufi 24 za Kigiriki pamoja na chache za kidemotiki, na hicho ndicho Kikopti. Watawala Waarabu walipoamuru ofisi za Misri zitumie Kiarabu, mwanzoni mwa karne ya 8 BK, Kigiriki kilififia katika kazi za serikali kwa sababu ileile iliyokiingiza. Kikopti kiliendelea kusemwa vijijini kwa karne nyingi, na kanisani kinasomwa mpaka leo.