Eti wanalilia pombe

Juzi kwenye grupu la WhatsApp la Wabongo wa huku Uingereza jamaa katupia picha ya wanakijiji wameshika mabango, wazee kwa watoto, wanataka baa yao isiuzwe, akaandika chini "wazungu bwana, msiba wa bia", basi grupu zima likacheka. Mimi sinywi, sijawahi kunywa, na nadhani nilikasirika kuliko walevi wote wa lile grupu.

Hivi mnavijua vijiji vya huku nyie? Posta ilishafungwa, duka limefungwa, basi ukilikosa la asubuhi umekwisha. Kilichobaki ni kanisa, ibada yenyewe ya kuvizia, na baa. Sasa anakuja mtu anainunua ageuze nyumba ya kuishi, maana nyumba inalipa kuliko bia, halafu kijiji kinabaki watu wanaolala tu, kila mtu na mlango wake.

Kuna kipindi nilienda kumzika baba wa mfanyakazi mwenzangu, kijiji kimoja huko Yorkshire. Tulipotoka makaburini tukaenda wapi? Baa. Sandwichi za mayai zimekatwa pembetatu, chai ipo, picha ya mzee imeegemezwa kaunta jirani na bomba za bia, na mbele ya picha kuna glasi imejazwa mpaka juu, hakuna aliyeigusa mpaka tunaondoka. Wazee wanasimulia visa vyake, mmoja akianza mwingine anamkata, "we sio hivyo bwana, mimi nilikuwepo". Nimekaa na soda yangu nikaona huu ni msiba kamili, sema turubai ndio hamna. Hiyo nayo ikiuzwa, watu wakakae wapi, parking ya supamaketi?

Na sio kwamba haiwezekani. Hesket Newmarket, kule Cumbria, wanakijiji walichangishana wakainunua baa yao 2003. Hudswell, Yorkshire hiyohiyo, baa yao George and Dragon ilifungwa 2008, wakaunda ushirika, wakauziana hisa, 2010 ikafunguliwa, na humohumo ndani wakaweka maktaba na kaduka kanakoendeshwa na watu wa kujitolea. Baadaye CAMRA, chama cha wapenda bia wa Uingereza, wakaitangaza baa bora ya nchi nzima ya 2016. Na kwenye ushirika wa hivi kila mwanachama ana kura moja, uwe na hisa kiduchu au lundo. Sisi watoto wa vyama vya ushirika tunacheka nini hapo?

Haya, nakubali, pombe imevunja nyumba za watu, huku na kwetu. Na kuna baa ukiingia mweusi vichwa vyote vinageuka. Na wengine wanaobeba mabango ndio haohao walikuwa wanajinywea bia ya supamaketi sebuleni mpaka baa ikafa, hilo nalo silifichi.

Ila kinachoniuma zaidi ni sheria yao. Sheria ya 2011 inaruhusu wanakijiji wa England kuiandikisha baa kama mali yenye thamani kwa jamii, mwenye nayo akitaka kuuza wanapewa wiki 6 za kusema tunaitaka, wakisema wanapata miezi 6 kwa jumla ya kutafuta hela. Safi. Sasa soma mwisho wake: halazimiki kuwauzia! Miezi ikiisha anamuuzia anayemtaka, na nyie na hela zenu mlizochangisha kwa kuuza keki mtajijua.

Mbona wenye mamlaka meno wanayo wakitaka? London 2015 wenye baa ya Carlton Tavern waliibomoa bila kibali, wakaamriwa waijenge upya kama ilivyokuwa, ikafunguliwa tena 2021. Baa nyingine, Crooked House ya Himley, jengo la 1765, iliungua Agosti 2023, siku mbili tu ikawa imeshabomolewa, na halmashauri mwaka uliofuata ikaamuru ijengwe upya. Kumbe mpaka ibomolewe kwanza ndio mtu alazimishwe? Mlazimisheni basi awauzie wanakijiji ikiwa bado imesimama, na wewe jamaa wa grupu futa ile picha.