Kabla hujaitupa kontrol boksi ya kiwandani

Kwa anayejiundia gari dogo la wazi la mtindo wa Lotus Seven, ushauri unaosikika zaidi ni huu: ukishapata injini, achana na kontrol boksi iliyokuja nayo, yaani kompyuta inayoongoza mafuta na cheche, nunua kompyuta huru unayoweza kuipanga mwenyewe. Umezoeleka Uingereza, kwenye chimbuko la magari haya, na vijana wa Nairobi na Dar es Salaam wanaopachika injini za Toyota kwenye bodi zisizo zake wanaupokea kama ulivyo. Naona boksi ya kiwandani inahukumiwa kabla ya kusikilizwa.

Tuchukue injini moja tusipige maneno hewani. 4A-GE ya valvu 20, lita 1.6, ni kipenzi cha waundaji wa magari haya: nyepesi, inapenda kuzungushwa, na kila silinda ina throto yake, kilango cha hewa kinachofunguka ukikanyaga mafuta. Toyota iliitoa mara mbili. Ya kwanza, yenye kifuniko cha rangi ya fedha, ilikuja 1991 kwenye Corolla ya AE101 ikiwa na nguvu farasi 160. Ya pili, yenye kifuniko cheusi, ilikuja 1995 kwenye Corolla ya AE111 na 165, mgandamizo wake ukipandishwa hadi 11 kwa 1. Zote mbili zililala kwa upande kwenye gari la kuvuta mbele. Kwenye Seven lazima isimame kwa urefu, gia boksi ikiwa nyuma yake, kwa kawaida T50 ya AE86, Corolla ya zamani ya kuvuta nyuma.

Wanaotaka kompyuta huru wana hoja, na kubwa yao si nguvu. Ni distribyuta, kifaa kinachogawa cheche kwa kila silinda. Kwenye injini hii imekaa mwisho wa kichwa, kwa hiyo ukiigeuza injini inaelekea moja kwa moja kwenye ukuta unaotenganisha injini na dereva. Unaukata ukuta, au unaiondoa distribyuta. Ukiiondoa umeondoa pia sensa zilizomo ndani yake, zile ambazo boksi ya Toyota inazitegemea kujua krenki, shafti kuu ya injini, iko wapi. Hapo unahitaji gurudumu la meno mbele ya krenki, koili mpya, na kompyuta inayoelewa lugha hiyo. Ni hoja nzito. Wengi wanaiongezea nyingine: boksi za miaka ya tisini zimezeeka, kapasita zinavuja, na injini nyingi za mtumba zinafika huku waya zimekatwa kwa mkasi sentimita chache tu kutoka kwenye soketi.

Yote hayo ni kweli. Lakini ukinunua kompyuta huru umenunua kazi, na kazi hiyo mara nyingi haimaliziki.

Kiini cha kompyuta hizi ni jedwali. Upande mmoja mzunguko wa injini, upande mwingine mzigo, na kila kisanduku kinaeleza mafuta kiasi gani yamwagwe. Jedwali la 16 kwa 16 lina visanduku 256, na kuna jingine kama hilo la taimingi, yaani wakati wa kupiga cheche. Fundi mwenye mashine ya kupimia nguvu anaweza kwa siku moja kupanga vizuri mstari wa mafuta yaliyokanyagwa hadi mwisho, na sehemu ya mwendo wa kawaida. Anakupa karatasi yenye mchoro wa farasi, mnapeana mikono. Vingine vyote, yaani kuwaka asubuhi, dakika za kwanza kabla maji hayajapata moto, kukanyaga ghafla kwenye mzunguko wa chini, kuwaka tena baada ya kusimama juani kituo cha mafuta, vinabaki vya kubahatisha. Havionekani kwenye mchoro wa farasi. Na ndivyo utakavyoishi navyo kila siku.

Kiwanda kilivipanga vyote hivyo. Wahandisi waliziingiza injini kwenye vyumba vya baridi kali, wakazipeleka kwenye joto na milimani, wakarekebisha hadi mtu asiyejua lolote kuhusu magari aweze kugeuza ufunguo na kuondoka. Kazi hiyo yote imo ndani ya kile kiboksi cha bati unachotaka kukitupa.

Kwa msomaji wa huku nataka kukaa zaidi kwenye jambo moja, kwa sababu ushauri wa Uingereza haulifikirii: mwinuko. Throto nne zilizotenganishwa huleta mvuto wa hewa unaodunda na dhaifu, kwa hiyo mafundi wengi wa kompyuta huru huacha kupima shinikizo na kutumia pembe ya throto kama kipimo cha mzigo. Throto ikifunguka kiasi hiki, mwaga mafuta kiasi hiki. Ni njia nyepesi na kwenye tambarare inafanya kazi vizuri. Lakini pembe ya throto haijui hewa ni nzito au nyepesi. Mombasa shinikizo la hewa ni takriban kilopaskali 101. Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, ni kama 82. Karibu moja ya tano ya hewa haipo, na throto iko palepale.

Panga gari Mombasa, lipandishe Nairobi: mafuta yanazidi kwa zaidi kidogo ya asilimia 20. Plagi zinakuwa nyeusi, gari linameza mafuta, petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda. Inaudhi, ila injini itaishi. Sasa geuza safari. Gari limepangwa Nairobi, kwenye uwiano salama wa 12.8 wa hewa kwa mafuta ukikanyaga hadi mwisho. Shuka nalo hadi pwani bila marekebisho, na uwiano uleule unakaribia 15.8. Mchanganyiko umekuwa mkavu, yaani mafuta ni machache kwa hewa iliyopo, hewa ya kuingia ni ya moto, mgandamizo ni 11 kwa 1, taimingi bado ni ile ya Nairobi. Hiyo ni injini inayogonga, mchanganyiko ukilipuka wenyewe ndani ya silinda, na Seven inayonguruma kwa ekzosti ya pembeni haikupi nafasi ya kusikia mgongano huo. Utaujua pistoni ikishatoboka. Safari ya Dar es Salaam na Mbeya ina hatari hiyohiyo.

Mtetezi wa kompyuta huru atajibu kwamba marekebisho ya shinikizo la anga yapo, na ni kweli. MegaSquirt, kompyuta huru waliyoianzisha Bruce Bowling na Al Grippo mwaka 2001 na ambayo ndiyo wengi huanza nayo kwa unafuu wake, inayo. Lakini uyawashe, na uchague namna. Namna ya bei rahisi husoma shinikizo mara moja tu, wakati unawasha injini. Ukiwasha Nairobi na kushuka bila kuzima, kompyuta inaendelea kuamini uko Nairobi. Dawa ni sensa ya pili inayosoma anga muda wote. Si ghali, lakini lazima mtu aijue, aifunge na kuijaribu milimani. Boksi ya AE111 haikuachi ufike huko: ina sensa ya shinikizo inayokusanya mvuto wa silinda zote kwa mirija midogo, na Toyota iliipanga pamoja na throto hizohizo nne.

Ndiyo maana swali la "boksi ipi" naona linaulizwa kwa kuchelewa, baada ya injini kununuliwa. Injini ya kifuniko cha fedha hupima hewa kwa mlango unaosukumwa na upepo, ndani ya kasha kubwa lisilokaa chini ya boneti ya Seven. Ukilitoa kasha, umeitoa sensa, na boksi yake haina cha kusoma. Kwa injini hiyo nakubali: nunua kompyuta huru, na utenge fedha za kuipanga mara mbili, pwani na juu. Ile nyeusi haina kasha hilo. Inapokea tarumbeta wazi za kuvutia hewa juu ya throto na bado boksi inajua inachofanya. Kwa hiyo hapo kinachobaki ni distribyuta na ukuta, na ukuta wa gari unalojichomelea mwenyewe ni bati. Ukisogezwa au kutengenezewa tundu kabla ya kupakwa rangi, imekwisha.

Malalamiko mengine hayanisumbui. Boksi za Japani hukata mafuta kwenye kilomita 180 kwa saa, lakini kikomo cha juu kabisa cha barabara za Kenya ni 110. Kwamba boksi ya kiwandani haipangiki ni kweli, ila injini ambayo kamshafti wala pistoni zake hazijaguswa haina kingi cha kupangiwa. Atakayebadilisha kamshafti au kufunga tabo ametoka kwenye ramani ya Toyota, na mwenye gari la mashindano linalopangwa upya kila wiki anajua anachofanya. Nazungumzia anayetaka kulitoa gari Jumamosi asubuhi na kurudi nalo.

Hatua ya kwanza kwake ni kukataa injini tupu. Atafute nusu ya mbele ya AE111 yenye waya zote, boksi yenye namba inayolingana na injini, soketi zisizokatwa na sensa zote mahali pake. Aiwashe ikiwa bado kwenye bodi yake ya zamani, apige picha kila kiungo, abandike lebo kila waya, ndipo aanze kufungua. Nusu hiyo itamgharimu zaidi ya injini pekee. Aweke bei hiyo kando ya kompyuta huru, sensa pana ya oksijeni ya kupimia mchanganyiko, koili mpya, waya mpya na saa za fundi kwenye mashine, kisha ajumlishe tena.