Suti Imeota Ndevu

Jamani, suti yangu imeota ndevu. Mwenyewe zimenigomea tangu ujana, yeye kaning'inia kabatini masika moja tu, kuvu ya kijani mpaka kwenye kola! Harusi Jumamosi. Mama Zuhura anasema, "Si uianike?" Niianike wapi? Nguo za juzi bado ziko kwenye kamba sebuleni, zinatudondokea tukila. Maji yake yanakwenda wapi kama si kwenye suti yangu?

Tanga wageni wote huambiwa waja leo waondoka leo. Unyevu nani alisahau kuuambia?

Na kila mtu daktari. Jirani wa kulia: fungua madirisha. Nikafungua, hewa ya baharini ikaingia imelowa kuliko ya ndani. Jirani wa kushoto: funga. Tukafunga, tukapika ubwabwa, kuta zikatoka jasho. Feni nayo inanipepea mimi tu, unyevu haiupunguzi hata tone.

Wataalamu wanataka unyevu wa ndani usipite asilimia 60, ukizidi kuvu inashangilia. Asilimia 60, mwezi wa nne, Tanga hii? Ambapo kiberiti unakikwangua njiti inakatika kichwa, na biskuti unaikunja haivunjiki?

Kinachokamua kweli ni kiyoyozi: mvuke ukikutana na bomba la baridi unageuka maji, yanatoka nje kwa mpira. Shemeji yangu kule Raskazone anakinga ndoo. Mimi nikiwasha kitu hicho, luku itakata suti haijakauka hata mfuko mmoja.

Tena fundi aliyejenga nyumba hii, Mungu anamwona. Mchanga kachota ufukweni, hata kuuosha hakuuosha. Chumvi ile inavuta maji hewani, ndiyo maana ukuta unatema unga mweupe. Mwenye nyumba, badala ya kubandua lipu, kaja na rangi ya mafuta kapaka juu. Wazee wa mawe na chokaa kuta zao zilipumua. Ya kwangu imezibwa pua, imevimba malengelenge nyuma ya kabati.

Basi nimelivuta kabati mbali na ukuta, hewa ipite. Sasa mlango wa chumba haufunguki wote. Mama Zuhura, mwembamba, anapita ubavu. Mimi na kitambi hiki nimekwama. Jirani wa kulia kaja kunivuta mkono, na huku ananivuta ananiuliza: "Baba Zuhura, mkaa umejaribu?"