Kiuno Kikinuna

Kiuno hakina adabu. Gunia la mahindi kitakubebea kimya kimya, wala hakilalamiki. Kesho yake alfajiri unainama kuokota kandambili moja, nyepesi kuliko skonzi, ndipo kinapokamata. Kap! Umeganda kama mtu anayetafuta shilingi iliyodondoka. Hupandi, hushuki.

Na alfajiri kina sababu zake. Usiku kucha diski zilizo kati ya pingili za mgongo hufyonza maji na kuvimba, kwa hiyo ukiamka na kujikunja ghafla unaomba ugomvi. Misuli inajikaza kukulinda. Inakulinda na nini? Mara nyingi kijeraha tu. Ni mlinzi anayefunga geti na kupiga filimbi kisa kapita paka.

Sasa waje washauri. Mmoja anataka mtoto akukanyage mgongo. Mwingine anakuamuru ulale wiki nzima. Mtoto aende shule, jamani! Na kulala huko ndiko kunakokazisha misuli. Jipumzishe siku moja, mbili mwisho, tena kwa kuamka-amka.

Kiuno kilichonuna hubembelezwa. Lala chali kwenye mkeka, vigimbi juu ya kiti, magoti yamekunjwa, dakika 10. Kikipoa, shusha nyayo chini, magoti yabaki juu. Bana tumbo kidogo, gandamiza kiuno kwenye mkeka, hesabu hadi 5, achia. Mara 10. Anayekutazama ataona hufanyi kitu, na ndivyo inavyotakiwa.

Kisha bana magoti pamoja, yalaze kulia, rudi kati, yalaze kushoto, kama waipa ya daladala mbovu: inafika nusu ya kioo, inarudi. Mara 10 kila upande. Nusu, nimesema! Malizia kwa goti moja: shika nyuma ya paja, livute kifuani sekunde 15, mara 3 kila mguu. Hapa ndipo watu wanapojiharibia, wanavuta kama wanawasha jenereta. Kuvutika kidogo ni sawa. Maumivu yakianza kuteremka mguuni, acha zoezi hilo.

Kuinuka nako kuna kanuni. Usitangulize kifua. Geuka ubavu kama gogo, mabega na nyonga kwa pamoja. Kama ni kitandani, teremsha miguu huku mkono unasukuma godoro. Kama ni mkekani, piga magoti kwanza, shika kiti, ndipo uinuke. Halafu tembea dakika 5, humo humo uani, na urudie kila baada ya saa moja au mbili.

Choo cha kuchuchumaa ni mtihani mwingine: shika ukuta, shuka taratibu, usikae kusoma meseji. Ila chafya ndiyo adui mkubwa. Ukiisikia inakuja, simama wima, kiganja ukutani, magoti yalegee. Ukiipiga umeinama, umeanza upya.

Chupa ya maji ya moto izungushie khanga, iweke kiunoni dakika 15 hadi 20, na usisinzie juu yake. Ibuprofen inasaidia, ila imezwe baada ya kula. Mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu au ujauzito amuulize mfamasia kwanza.

Wengi hupata nafuu siku chache tu, na ndani ya wiki 6 kiuno kimeshasahau kesi. Lakini ukipata ganzi sehemu za siri, mkojo ukiziba au ukikutoka bila habari, au miguu ikiishiwa nguvu, huo si mnuno tena. Ni hospitali saa hiyo hiyo. Na kama maumivu yameanza baada ya kuanguka bodaboda, au yamekuja na homa, nenda pia, usijikande.

Kandambili bado iko pale pale. Ivute kwa kidole gumba cha mguu.