Chumba cha kukamulia bila ratiba hakitoshi

Kuna makala inayowasifu waajiri wanaotenga chumba kazini ambamo mama anayenyonyesha anaweza kukamua maziwa ya mtoto wake. Vizuri, ila chumba bila ratiba hakimsaidii mama. Anayefanya kazi saa 8 kwa siku anahitaji kukamua kila baada ya saa 3 hivi, dakika 15 hadi 20, na muda huo uandikwe kwenye kalenda ya ofisi kama kikao kingine chochote. Akiuruka kwa sababu mkutano umerefuka, matiti hujaa na kuuma, mirija ya maziwa huweza kuziba, kisha maziwa hupungua, maana mwili hutengeneza kadiri yanavyotolewa. Friji nayo ni lazima: nje maziwa hukaa saa 4 tu, kwenye friji siku 4. Mlango uwe na komeo. Na jamani, msiwaelekeze chooni, hicho ni chakula cha mtoto!