Nani analipa ya kutolea?

Miaka yangu ya kwanza Marekani, kusubiri kuunganisha ndege kulikuwa ni kukaa sakafuni, mgongo ukutani, karibu na soketi ya umeme kama mlinzi wake. Siku hizi naingia launji, ukumbi wa mapumziko wa kiwanjani. Tiketi yangu haihusiki hapo, maana bado nasafiri daraja la chini, kiti cha katikati, jirani na choo. Kinachonifungulia mlango ni kadi ya mkopo. Mwezi uliopita nilikuwa na saa nne za kupoteza pale Dallas, uwanja wenye majengo matano ya abiria na treni ya juu inayozunguka kati yake. Dada wa mapokezi akapitisha kadi kwenye mashine, akaangalia pasi yangu ya kupandia ndege, akaniambia karibu. Ndani: chakula cha moto, kahawa ya kujihudumia, bafu lenye taulo zito, viti ambavyo ukikaa hutaki kuinuka. Na ukimya, ambao kiwanjani ni anasa kuliko chakula.

Sijifanyi mtakatifu. Napapenda. Nilikula sahani mbili, nikaoga wakati sikuwa na haja ya kuoga.

Launji za mashirika ya ndege ni za zamani, American Airlines walifungua yao ya kwanza New York mwaka 1939. Hizi za kampuni za kadi ndizo ngeni: American Express walianza na Las Vegas mwaka 2013, wengine wakafuata. Sasa wenye kadi tumekuwa wengi mpaka mlangoni kuna foleni, na launji nyingi hazikupokei mpaka zibaki saa tatu ndege yako iondoke. Ada nazo zinapanda. Platinum ya American Express ilitoka dola 695 hadi 895 kwa mwaka, mwaka 2025. Watu wananung'unika, halafu wanalipa.

Ila kuipata kadi yenyewe, hapo ndipo nilipojua nimehama nchi.

Nilifika sidaiwi na mtu, nikadhani hiyo ni sifa. Kwetu Tanzania, msibani kabla ya kuzika, msemaji wa familia husimama akatangaza: kama kuna anayemdai marehemu, ajitokeze aonane na wanafamilia. Deni ni kitu cha kumaliziwa mtu ili alale salama. Huku nilienda kutafuta chumba cha kupanga, yule wakala akaangalia kompyuta yake akaniambia faili langu ni tupu. Sina alama za ukopaji, zile zinazoonyesha mtu analipaje madeni yake. Alama zao zinaanzia 300 hadi 850, na mimi sikuwa hata na hiyo 300. Asiyewahi kukopa hajulikani kama hulipa, basi anahesabiwa kama asiyelipa. Benki ikanishauri niweke dhamana ya dola 300, nao watanipa kadi yenye uwezo wa kukopa dola 300. Yaani nikakopeshwa hela yangu mwenyewe, nikawa nailipa kila mwezi kwa nidhamu, na kwa kuilipa nikaanza kuwa mtu. Miaka sita baadaye nikapewa kadi ya launji. Baba nilipomweleza kwenye simu alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama niko salama kweli.

Tukirudi kwenye hicho chakula cha bure. Kila mwenye akili anajua si cha bure, ila wengi tunaamini tumekilipia kwa ada ya mwaka. Ada ni sehemu tu. Kila ukichanja kadi dukani, mwenye duka anakatwa, mara nyingi kati ya asilimia 2 na 3, na kadi za kifahari ndizo zinazomkata zaidi. Sehemu kubwa ya makato hayo huenda kwa benki iliyokupa kadi, na humo ndimo zinamotoka pointi, tiketi na launji. Mwenye duka naye si mjinga, anapandisha bei. Lakini hapandishi kwa mwenye kadi peke yake. Anayelipa taslimu hununua maziwa kwa bei ileile, na launji haioni.

Kwetu makato yako wazi. Ukituma hela kwa simu, ujumbe unakuja na kila shilingi iliyokatwa. Ndiyo maana tuna ule msemo wetu: "Tuma na ya kutolea," yaani ongeza na ada ya kuitoa hela kwa wakala. Mtu anakuomba hela na papo hapo mnakubaliana nani anabeba gharama. Tozo ya miamala ilipoletwa Julai 2021, nchi nzima ilipiga kelele, vijiweni, kwenye daladala, bungeni, na ndani ya miezi miwili serikali ikaipunguza. Watu walikasirika kwa sababu waliiona. Huku makato yamefichwa ndani ya bei ya mkate, basi hakuna kelele, kuna shukrani tu za sisi tunaonufaika. Mwaka 2023 watafiti, wakiwemo wa Benki Kuu ya Marekani, walikadiria kwamba mfumo wa zawadi za kadi za mkopo unahamisha dola bilioni 15 kwa mwaka, kutoka kwa wenye elimu ndogo na kipato kidogo kwenda kwa waliowazidi. Ulaya waliweka kikomo kwa ile sehemu ya makato inayoenda benki mwaka 2015: asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo. Zawadi zao zikasinyaa, na sijasikia kwamba maisha yalisimama.

Wakati nimemaliza sahani ya pili alikuja kaka wa kuondoa vyombo. Nilikuwa naongea na simu, akasikia Kiswahili, akasubiri nikate. Mtu wa Bukavu, Kongo. Tulisalimiana kwa furaha ile ya watu wasiofahamiana kabisa. Akaniuliza mnaingiaje humu, ni kazi gani mnafanya. Nikamwonyesha kadi.

"Mimi siwezi, ndugu yangu," akasema. "Deni linanikosesha usingizi. Natumia cash tu."

Kwetu jibu hilo lingemletea sifa. Nikataka kumweleza habari ya dhamana ya dola 300, jinsi anavyoweza kuanza polepole. Nikajisikia kama dalali. Nikataka pia kumwambia kwamba kila akienda dukani na hizo cash zake anachangia kile kiti nilichokalia, lakini angeifanyia nini habari hiyo, akiwa ameshika sahani zangu mbili? Tukaongelea watoto. Ana wanne.

Ada yangu ya mwaka inakatwa mwezi wa tatu. Nimesema nitaifikiria, na hela yake nimeshaiweka pembeni.