Kilomita tano baada ya baiskeli

Tangu nilipojiandikisha katika mbio za nusu ya Ironman, yaani triathloni ambayo mshiriki huogelea kilomita 1.9, akaendesha baiskeli kilomita 90, kisha akakimbia kilomita 21.1, ushauri ninaoupata kwa wenzangu wa kuogelea pale Raskazone ni wa aina moja: niachane na duathloni, niongeze muda wa majini. Hoja yao haina ugumu. Duathloni ni kukimbia, kupanda baiskeli na kukimbia tena, hakuna bahari ndani yake, na mimi ninajiandaa kwa mashindano yanayoanzia majini. Mwezi Agosti nilishiriki hata hivyo katika duathloni ndogo hapa Tanga, ya kilomita 10, 40 na 5, na nimetoka nikiamini zaidi kuliko awali kwamba wenzangu wanakosea hesabu.

Safari nzima ya siku ile kubwa ni kilomita 113, na maji ni chini ya mbili. Muogeleaji wa kawaida kama mimi hutumia dakika 40 hivi baharini, na zaidi ya saa 5 juu ya baiskeli na kwa miguu. Nikijitesa miezi miwili nzima huenda nikapunguza dakika tatu za kuogelea, na dakika tatu hizo hizo mtu huzipoteza katika kilomita mbili tu za mwisho ikiwa mapaja yamegoma. Wala sisemi kwamba kuogelea ni kazi ndogo kwa kila mtu, maana wapo wanaotoka bara ambao bahari huwatia hofu, na hao wana sababu ya kukaa majini. Mimi nimekulia ufukweni.

Lipo jambo jingine ambalo watu hulipuuza, nalo ni kwamba duathloni huichosha miguu kwa namna ambayo triathloni haifanyi. Anayetoka majini hupanda baiskeli akiwa amechoka mabega, lakini miguu yake bado haijapigwa na lami. Anayeanza kwa kukimbia hufika kwenye baiskeli akiwa amekwisha kutua mara elfu kadhaa juu ya misuli ile ile ya mapaja na mashavu ya miguu, kisha huikunja nyonga zaidi ya saa nzima, na anaposhuka anatakiwa kunyooka na kukimbia tena. Katika Powerman Zofingen ya Uswisi, ambayo ni maarufu kuliko duathloni zote ndefu, washiriki hukimbia kilomita 10, huendesha baiskeli kilomita 150 na kumalizia na kilomita 30 za kukimbia. Anayeuita mchezo huu triathloni ya wasiojua kuogelea na aufikirie mwisho huo.

Mashindano yangu yalikuwa mafupi mno kuliko hayo, na bado yaliniumbua. Nilipanga kukimbia kilomita 10 za kwanza kwa dakika 52, nikazimaliza kwa 48. Sikuwa nashindana na mtu yeyote, ila palikuwa na vijana mbele yangu, palikuwa na watu barabarani wakipiga makofi, na nafsi ikanidanganya kwamba mwendo ule ni mwepesi. Tulioanza kupenda riadha kwa kusimuliwa habari za Filbert Bayi, aliyeongoza mita 1,500 tangu mwanzo hadi mwisho pale Christchurch mwaka 1974 na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2, tumerithi dhana kwamba ushujaa ni kutangulia. Tunasahau kwamba ile ilikuwa mita 1,500, na kwamba yule alikuwa Bayi. Kwa mbio ndefu, mfano wa kufuata ni Alphonce Simbu, ambaye mwaka 2025 mjini Tokyo alivumilia kilomita zote 42 na kuutwaa ubingwa wa dunia kwenye utepe, akiandikiwa saa 2:09:48 sawasawa na Mjerumani aliyemfuata.

Baiskeli ilitupeleka kaskazini kwa barabara ya Horohoro, kilomita 20 za kwenda na 20 za kurudi. Siku iliyotangulia, fundi mmoja mzee wa Ngamiani aliyekuwa akinikazia breki aliniuliza njia tutakayopita, nami nilipomweleza alicheka.

“Mwanangu, wakati wa kwenda usijione hodari. Huyo si wewe, huo ni upepo.”

“Nimekusikia, mzee wangu,” nilimjibu, na ninaona haya kusema kwamba nilimsikia kwa adabu tu.

Agosti ni msimu wa kusi, na kusi linatoka upande wa kusini. Kwenda nilitumia dakika 35, mwendo wa zaidi ya kilomita 34 kwa saa, nikiwa sisikii upepo wowote masikioni na nikidhani mazoezi yamejibu. Tulipogeuza, upepo ulinikabili kifuani, na zile kilomita 20 zikanichukua dakika 46. Nguvu inayotakiwa kuukata upepo huongezeka upesi kuliko kasi inavyoongezeka, kwa hiyo anayejaribu kulazimisha mwendo ule ule wa kwendea huchoma akiba ya miguu kwa faida ndogo sana. Busara ni kushusha gia, kuinama na kukubali kwenda polepole. Nilikubali nikiwa nimechelewa.

Wenzangu wengi walirudi kwa makundi, mmoja akimkinga mwingine upepo, na katika mashindano yale hapakuwa na aliyewakataza. Nilialikwa nijiunge nikakataa, na mpaka leo wapo wanaoniona mwenye maringo. Sababu yangu ni kwamba katika mbio ninazojiandalia, kujificha nyuma ya baiskeli ya mwenzako ni kosa lenye adhabu, na sioni faida ya kufanya jaribio kwa msaada ambao siku yenyewe sitakuwa nao.

Zile kilomita 5 za mwisho nilizimaliza kwa dakika 32, mimi niliyetarajia 27. Hatua zilikuwa fupi, magoti hayapandi, na jua la saa tatu na nusu lilikuwa limekwisha kuwa kali. Kwa hiyo dakika nne nilizojipatia katika kilomita 10 nilizirudisha, na moja juu yake, katika nusu ya umbali huo. Mwendo ule nikiupeleka kwenye kilomita 21.1 nitakimbia saa 2 na robo badala ya dakika 116 ninazozitamani, na hakuna mazoezi ya bahari yatakayonifidia pengo hilo.

Hapo ndipo nilipogundua pia kwamba nilikuwa nimekosea kinywaji. Joto la Tanga lina unyevu, jasho halikauki mwilini bali linadondoka tu, na mwili unapoteza maji na chumvi bila kupoa inavyostahili. Nilikuwa nimejaza madafu kwenye chupa zote mbili. Madafu ni mazuri na nitaendelea kuyanywa, lakini yana potasiamu nyingi na sodiamu, yaani madini yaliyomo kwenye chumvi, kidogo, ilhali jasho linabeba sodiamu zaidi. Kunywa maji matupu kwa wingi nako si dawa, kwa sababu huzidi kuipunguza sodiamu iliyobaki kwenye damu, na hali hiyo ikizidi ni ya hatari. Sasa natia chumvi kidogo, na upande wa chakula nimerudi kwenye tende na ndizi. Ndizi moja ya wastani ina gramu 25 hivi za wanga, na katika mbio za saa nyingi inashauriwa kula kati ya gramu 30 na 60 kwa saa, hata zaidi kwa tumbo lililozoeshwa. Siku ile nilikula tende tatu kwa zaidi ya saa mbili na nusu.

Kwa maoni yangu, duathloni ya maandalizi ifanyike wiki sita hadi nane kabla ya mbio kubwa. Wiki mbili kabla ni kujimaliza, kwa kuwa misuli iliyopigwa kwa kukimbia mara mbili katika asubuhi moja haiponi upesi. Mimi nimebakiwa na wiki saba. Jumapili hii nitaelekea tena Horohoro kabla kusi halijatulia, nikiwa nimekusudia kwenda kwa mwendo wa kilomita 29 kwa saa na si zaidi, kisha nikimbie kilomita 5 nione saa yangu itaandika nini.